Kaburi la Henry Watatu

Ilikuwa usiku, umeme umekatika mtaa mzima, simu imebaki na chaji kidogo na mi nasoma habari za wafalme wa Ulaya ya zamani kama kawaida yangu kabla ya kulala. Nikafika kwenye maneno ya kaburi la mwanamke mmoja aliyefariki mwaka 1167 kule Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Yameandikwa kwa Kilatini, ila maana yake ni hii: mkubwa kwa kuzaliwa, mkubwa zaidi kwa kuolewa, mkubwa kupita vyote kwa kuzaa, hapa amelala binti, mke na mama wa Henry.

Jina Henry limeandikwa mara moja tu na limebeba watu watatu. Baba yake ni Henry I wa Uingereza. Mume wake wa kwanza ni Kaisari Henry V wa kule Ujerumani. Mwanae ni Henry II wa Uingereza. Aliyetunga mstari ule hakuhitaji kutofautisha, aliona inatosha.

Yeye mwenyewe jina lake halimo.

Alikuwa anaitwa Matilda, na alikosa kidogo sana kuwa malkia anayetawala Uingereza kwa haki yake mwenyewe. Nikaweka simu pembeni lakini usingizi ukakataa kabisa. Imepita miezi na mstari ule bado unanirudia nikiwa kwenye foleni, nikiwa napika, popote. Kwa nini hawa watu walirudia majina yale yale mpaka mtu anazikwa chini ya jina la wanaume watatu wanaofanana jina?

## Matilda kila kona

Ukianza kufuatilia familia ya Henry I unachoka ndani ya nusu saa. Mama yake, mke wa William Mshindi aliyetoka Normandy akaiteka Uingereza mwaka 1066, anaitwa Matilda. Mke wake, Matilda. Binti yake huyu wa kaburini, Matilda. Alikuwa na mabinti wengine nje ya ndoa na mmoja wao, aliyeolewa na mkuu wa Perche, naye ni Matilda, huyo alikufa maji usiku wa tarehe 25 Novemba 1120 meli inayoitwa White Ship ilipogonga mwamba karibu na Barfleur. Kwenye meli hiyo hiyo alikufa William, mtoto wa pekee wa kiume wa ndoa, mrithi wa kiti, na mjane aliyeachwa na huyo William jina lake ni... Matilda, wa Anjou.

Sasa William akishakufa, mfalme akawaapisha wakuu wa nchi kwamba akiondoka yeye watamkubali binti yake. Wakaapa vizuri tu. Henry akafariki Desemba 1135, na kabla binti hajajipanga binamu yake Stephen akavuka bahari akavikwa taji. Na mke wa Stephen, naomba mnivumilie, ni Matilda wa Boulogne.

Kwahiyo mwaka 1141 Uingereza ilikuwa na vita ambayo ndani yake Matilda anapigana na Matilda. Na sio wageni, mama zao ni ndugu wa tumbo moja, mabinti wa mfalme Malcolm III wa Uskoti. Februari mwaka huo Stephen akakamatwa vitani Lincoln, Matilda binti wa mfalme akaingia London kujiandaa kuvikwa taji, wananchi wakamtimua mwezi Juni huku jeshi la Matilda wa pili likiwa limesogea karibu. Septemba upande wa huyo wa pili ukamkamata Robert wa Gloucester, kaka wa Matilda wa kwanza kwa baba na ndiye nguzo yake ya vita. Mwishowe wakabadilishana mateka, mfalme kwa Robert, na kila kitu kikarudi pale pale kilipokuwa.

Mi naamini wale wanawake wawili ndio walioibeba vita ile mwaka ule. Ila stori ikisimuliwa haraka haraka unaona jinsi gani mmoja anamezwa na mwenzake, msomaji anachanganya, anarudi nyuma, anachoka, anabaki na Stephen kwa sababu Stephen yuko mmoja.

Kuna kitu kingine hapa nilikiona nikakaa nacho muda mrefu. Yule mke wa Henry I, mama wa huyu Matilda wetu, hakuzaliwa Matilda. Alizaliwa Edith. Edith ni jina la Kisaksoni, jina la watu walioshindwa mwaka 1066, na alipoolewa na Henry mwaka 1100 akaliacha akachukua jina la Matilda, jina la mama mkwe kabisa. Na bado haikusaidia sana, wakubwa wa Kinormani walikuwa wanamtania mfalme na mkewe kwa kuwaita Godric na Godgifu, majina ya Kisaksoni ya kuwadhalilisha.

Jina lilikuwa linaonyesha uko upande gani.

## Zaidi ya William mia

Maelezo ya kwanza anayoyatoa kila mtu ni kwamba ilikuwa fasheni tu. Watu walipenda majina machache, majina ya watakatifu na ya wafalme, basi. Na ushahidi upo. Robert wa Torigni, mtawa aliyeandika kumbukumbu za miaka ile, anasimulia karamu ya Krismasi iliyofanyika Bures kule Normandy mwanzoni mwa miaka ya 1170. Mwenyeji alikuwa Henry Kijana, mtoto wa Henry II. Wakubwa wawili wanaoitwa William wakaamua kwamba chumba kile asile mtu yeyote ambaye sio William, wakawatoa wengine wote nje, na waliobaki humo ndani walikuwa askari wa farasi zaidi ya 100, wote William, bila kuhesabu wengine waliokuwa wanakula na Henry mwenyewe ukumbini.

Napenda sana hiyo habari. Naona kabisa wale jamaa wanavyocheka na kusukumana mlangoni.

Ila fasheni hainitoshi. Fasheni inaeleza kwa nini askari mia wanaitwa William, haielezi kwa nini Edith abadilishe jina akiwa mtu mzima. Fasheni inapita yenyewe, hakuna anayelazimishwa. Hapa kuna mtu aliyelazimika.

## Pippin wawili, baba mmoja

Kilichonifungua macho ni habari ya Charlemagne, mfalme wa Wafranki, na ni ya zamani zaidi, karne ya nane.

Charlemagne alikuwa na mtoto wa kiume wa kwanza kutoka kwa Himiltrude, mwanamke ambaye baadaye alimwacha. Mtoto akaitwa Pippin. Hilo jina lilikuwa na uzito mkubwa, Pippin ndiye babu yake mtoto, mtu aliyewaondoa wafalme wa ukoo wa zamani mwaka 751 na kuwa mfalme wa kwanza wa ukoo wao. Kumpa mtoto jina la Pippin ilikuwa kama kumwandikia hati ya shamba.

Mtoto alikua na kibiongo. Einhard, aliyeandika maisha ya Charlemagne, anasema alikuwa mzuri wa sura lakini mgongo umepinda. Wakati huo baba alishaoa mke mwingine, Hildegard, na akazaa naye watoto wa kiume wengine, mmoja akaitwa Carloman.

Mwaka 781, wakati wa Pasaka, Charlemagne akaenda Roma na familia. Papa Adrian I akambatiza Carloman, mtoto wa miaka minne hivi. Akatoka kwenye maji ya ubatizo akiwa na jina jipya.

Pippin.

Na kaka yake Pippin yuko hai. Yuko nyumbani, kijana anayekaribia utu uzima, ana jina lile lile alilopewa na baba yule yule.

Nilisoma hapo nikarudia mara kadhaa kuhakikisha nimeelewa vizuri. Hakuna aliyemnyang'anya yule mkubwa jina lake, aliendelea kuitwa Pippin mpaka kufa, lakini kila mtu mwenye akili katika ufalme ule alielewa kilichofanyika. Mdogo siku hiyo hiyo akapakwa mafuta kuwa mfalme wa Italia. Jina la babu lilihama na cheo kikahama nalo, na yule wa kwanza akabaki na sauti tu ya kuitiwa chakula.

Mwaka 792 Pippin mkubwa akashirikiana na baadhi ya wakuu kumpindua baba yake. Njama ikavuja. Wenzake kadhaa wakauawa, yeye akanyolewa nywele akapelekwa kuwa mtawa, akaishia kwenye monasteri ya Prüm, na huko akafa mwaka 811, mwaka mmoja baada ya yule mdogo wake mwenye jina lake. Historia inamwita Pippin Kibiongo.

Hili linaniuma kwa kweli. Wengi wanaosimulia wanasema aliasi kwa sababu ya uchu wa madaraka. Mi naona ni mtoto aliyeambiwa mbele ya Papa na mbele ya dunia nzima kwamba nafasi yake imeshajazwa na mtu mwingine, tena kwa jina lake mwenyewe.

Ukishaliona hilo kwa Pippin unaanza kuliona kila mahali. Charlemagne huyo huyo alipata mapacha mwaka 778, akawaita Louis na Lothair. Hayo hayakuwa majina ya ukoo wake hata kidogo, yalikuwa ya Clovis na Chlothar, wafalme wa ukoo ule ule ambao baba yake aliupindua na kumpeleka mfalme wake wa mwisho monasterini. Waliwatoa kwenye kiti, wakachukua na majina. Pacha mmoja alikufa mchanga, mwingine akawa Kaisari Louis Mcha Mungu, na kuanzia kwake Ufaransa ikahesabu akina Louis mpaka wa 18.

## Bibi aliniita mume wangu

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Nina jina la babu mzaa baba, na bibi alipokuwa hai alikuwa ananiita mume wangu, ananidai kanga mpya, anagombana na mama yangu eti ameninyima nyama. Nikiwa mdogo nilikuwa naona raha. Nilipokua nikaanza kuona kuna kitu natakiwa kukifanya ambacho sikukichagua, niwe mpole kama yeye, nisiuze kiwanja kama yeye asivyouza.

Kwahiyo nawaelewa wale watoto wa kifalme upande huo. Tofauti ni kwamba mimi nilirithishwa tabia ya mzee mmoja na kiwanja. Wao walirithishwa Aquitaine, jimbo zima la Ufaransa.

## Mapacha wa Barcelona

Mwaka 1076 alifariki mtawala wa Barcelona, Ramon Berenguer I. Aliacha mapacha wa kiume, mmoja Ramon Berenguer, mwingine Berenguer Ramon. Yaani jina la baba limegawanywa kwa kugeuzwa geuzwa ili kila mtoto apate, na nchi nayo akawaachia wote wawili watawale pamoja.

Desemba 1082 Ramon Berenguer akauawa porini. Lawama zikamwangukia pacha wake, na mpaka leo Berenguer Ramon anakumbukwa kwa lakabu ya Muua Ndugu. Marehemu aliacha mtoto mchanga kabisa, wa wiki chache tu, akaitwa Ramon Berenguer. Mpangilio wa jina ni wa aliyeuawa. Mtoto yule alipokua ndiye aliyetawala, na mwanae naye akawa Ramon Berenguer. Mpangilio wa pili haukurudi tena kwenye kiti cha Barcelona.

Hispania na jirani yake Ureno zina mifano mingi. Kati ya mwaka 1357 na 1367 falme za Castile, Aragon na Ureno zote zilitawaliwa na mfalme anayeitwa Pedro, na wawili kati yao walikuwa vitani wenyewe kwa wenyewe, vita inayojulikana mpaka leo kama Vita ya Pedro Wawili.

## Nani anahesabiwa

Namba ndizo zinazotusaidia sisi kutochanganyikiwa, Henry wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nazichukulia kama namba za nyumba, kitu kisicho na upande. Kadiri ninavyozisoma naona nazo zina watu waliobaki nje.

Yule Henry Kijana wa ile karamu ya akina William alivikwa taji Westminster mwaka 1170, baba yake akiwa hai. Alivikwa rasmi, mbele ya maaskofu, tena kuvikwa kwake ndiko kulikozidisha ugomvi kati ya baba yake na Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury, kwa sababu kazi ile ilikuwa ni haki yake na akapewa wa York. Mwaka 1172 akavikwa tena, safari hii pamoja na mkewe. Watu wakamwita mfalme. Ila baba hakumwachia hata kipande cha nchi akiendeshe, kijana akaasi, wakapatana, akaasi tena, akafa kwa kuhara damu Juni 1183 akiwa na miaka 28, baba bado yuko kwenye kiti.

Hana namba. Henry III ni mtu mwingine kabisa, ni mtoto wa mdogo wake.

Alafu nenda Ufaransa. Louis X alifariki Juni 1316 akamwacha mke mjamzito. Novemba akazaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Jean, akaishi siku tano. Huyo anahesabiwa. Ni Jean I, amezikwa Saint-Denis na wafalme wenzake, na mwingine alipokuja mwaka 1350 akawa Jean II.

Nimejaribu kulikubali hili na nashindwa. Mwanaume aliyevikwa taji mara mbili, akapigana na kudai nafasi yake kwa miaka 13, hana namba, na mtoto wa siku tano anayo. Naelewa sheria inayotumika, huyu hakutawala peke yake na yule kwa siku zile tano hakuwa na mfalme juu yake. Sheria naielewa. Ila nikimfikiria Henry Kijana naona maisha yake yote ni ya mtu aliyepewa jina la kazi, akavalishwa mavazi ya kazi, kazi yenyewe asipewe.

Na namba zenyewe zinachezewa. Uswidi Karl IX alijiita wa tisa mwanzoni mwa miaka ya 1600 kwa kufuata kitabu cha historia kilichojaa wafalme wa kubuni, akina Karl sita wa mwanzo hawajawahi kuwepo. Mpaka leo mfalme wao anaitwa Carl XVI Gustaf, juu ya msingi ule ule.

## Jina lenye nuksi

Kama jina linaweza kubeba baraka basi linaweza kubeba na nuksi, na hilo nalo walilijua. Mwaka 1390 mrithi wa Uskoti alikuwa anaitwa John. Waskoti walikuwa wanamkumbuka John Balliol aliyevuliwa ufalme mwaka 1296 na Edward I, Uingereza ilikuwa na John wake aliyeipoteza Normandy, Ufaransa ilikuwa na yule Jean II aliyetekwa vitani Poitiers mwaka 1356. Mrithi akaingia kwenye kiti akiwa Robert III. Jina la baba yake, na la Robert Bruce aliyeikomboa nchi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Arthur. Geoffrey, mtoto wa Henry II aliyekuwa mtawala wa Brittany, alifariki mwaka 1186, na mkewe akajifungua mtoto wa kiume mwaka uliofuata. Mwandishi wa wakati ule William wa Newburgh anasema babu alitaka mjukuu aitwe Henry, jina lake. Watu wa Brittany wakagoma, wakamwita Arthur, jina la mfalme wa hadithi zao ambaye waliamini iko siku atarudi. Babu mwenye nusu ya Ufaransa mkononi akashindwa kwa jina la kichanga.

Arthur alikamatwa na baba yake mdogo, yule John aliyeipoteza Normandy, mwaka 1202. Mwaka 1203 akapotelea gerezani Rouen, hakuonekana tena.

## Alphonso

Mwaka 1239 Henry III wa Uingereza alipata mtoto wake wa kwanza wa kiume. Majina ya ukoo yalikuwepo mengi, William, Henry, Richard. Yeye akachagua Edward, kwa mapenzi yake kwa mtakatifu Edward aliyekuwa mfalme kabla ya Wanormani kuja. Jina la Kisaksoni, kabila moja la majina na lile la Edith, ambalo malkia alilazimika kulivua mwaka 1100. Ndani ya miaka 139 jina la walioshindwa likawa linafaa kwa mrithi wa washindi. Nadhani hakuna kitu kinachoonyesha vizuri kuliko hiki jinsi ile familia ilivyobadilika, na hakuna vita iliyopiganwa kwa ajili yake.

Huyo ndiye Edward I. Ukisoma listi, baada yake kuna Edward II na Edward III, unaona kama mstari ulionyooka, kama walipanga. Lakini Edward I alimwoa Eleanor wa Castile, na mwaka 1273 wakapata mtoto wa kiume wakamwita Alphonso, jina la mjomba wake mfalme wa Castile. Kaka yake mkubwa aliyekuwa amebaki akafa, Alphonso akawa mrithi, na kwa miaka kama kumi Uingereza ilijiandaa kabisa kutawaliwa na Mfalme Alphonso. Alifariki Agosti 1284 akiwa na miaka 10, nyumbani kukiwa na mdogo wake wa miezi minne tu, aliyezaliwa Caernarfon, na ambaye ndiye walikuwa wamempa jina la Edward wakati hakuna aliyetegemea kwamba atatawala.